Bonyeza Hapa: Karatasi Haibonyezwi

Nimekuwa kimya karibu miezi miwili, na wengine mmeniandikia mkiuliza kama nimedisko. Sijadisko, ondoeni shaka. Nilikuwa nyumbani Kanazi, Bukoba Vijijini, kwenye mazoezi ya kufundisha, na nimerudi chuoni na hasira. Kwa hiyo leo hakuna stori za bumu wala maharage ya kantini. Leo nawazungumzia watu wanaotengeneza tovuti halafu wanajifanya hawajui kama duniani kuna kitu kinaitwa karatasi.

Niseme mapema ili asiyependa aondoke mapema. Ukurasa wa tovuti ambao Mtanzania atalazimika kuuprinti, na ukiprintiwa unatoka vipande vipande, ukurasa huo haujamalizika kutengenezwa. Aliyeutengeneza kalipwa hela kamili kwa kazi nusu. Nusu iliyobaki anailipia mtu wa kijijini, shilingi mia tatu kwa kila ukurasa, na wala hajui kuwa anailipia.

Mnaona natia chumvi? Haya, sikilizeni.

Pale Kanazi kuna steshenari moja ndogo, mashine mbili, printa moja nyeusi, na kijana mmoja mwenye subira kuliko mapadre. Mchana nikitoka shule nilikuwa naketi pale kuandika maandalio ya somo, maana nyumbani umeme una tabia zake. Basi kwa wiki zile nane nimeona kila aina ya karatasi inayotoka kwenye intaneti. Siku moja kaja mama mtu mzima, katoka mbali kidogo, anataka tangazo la ofisi moja ya umma kwa ajili ya mjukuu wake. Ofisi siitaji. Sikuja hapa kugombana na ofisi moja wakati zenye tabia hiyo ni nyingi. Tangazo lenyewe lilikuwa fupi: mahitaji kumi na mbili na jedwali la malipo. Kwenye kioo unalisoma lote kwa kuvuta mara mbili. Ukurasa mmoja wa A4, tena nafasi inabaki.

Zikatoka kurasa 9.

Ukurasa wa kwanza: nembo, jina la ofisi, na menyu yote imejipanga kama foleni ya kituo cha afya. Mwanzo. Kuhusu Sisi. Huduma Zetu. Miradi. Matangazo. Zabuni. Maktaba ya Picha. Wasiliana Nasi. Wa pili: picha ya viongozi wamesimama mbele ya jengo, imetoka nyeusi tii kwa wino wa mama huyo huyo. Wa tatu: kichwa cha tangazo na mstari mmoja, halafu weupe mpaka chini. Wa nne na wa tano ndipo tangazo lilipo, na jedwali limekatwa upande wa kulia. Safu iliyokatwa ni ipi? Ile ya kiasi cha kulipa! Yaani ameprintiwa jedwali la malipo lisilo na malipo. Wa sita mpaka wa nane ni habari mpya, viunganishi vya haraka na kalenda ya matukio. Wa tisa una maneno yafuatayo na hayo tu: Haki zote zimehifadhiwa.

Mama akazihesabu polepole. "Waitu mwanangu, hizi nyingine ni za nini?"

"Shikamoo tena mama," kijana akajibu, maana alishajua mambo yameharibika. "Ndivyo ilivyotoka."

Kurasa 9 mara 300 ni 2,700. Kijana ana roho nzuri, kachukua ya kurasa tatu tu, nyingine kazila yeye. Sasa naomba mniambie, kijana yule na mama yule, nani kati yao aliyekosea? Hakuna. Aliyekosea yuko mjini, ana kiyoyozi, na mradi wake ulishafungwa kwa ripoti kwamba tovuti imekamilika kwa asilimia mia.

Sasa niwaeleze kidogo kwa wasiojua mambo haya, maana masomo yangu ya kufundishia ni Hisabati na Kompyuta na siwezi kujizuia. Ukurasa wa tovuti una vitu viwili. Kuna maudhui yenyewe, yaani maneno, majedwali, picha. Halafu kuna CSS, ambayo kazi yake ni kuyavisha maudhui hayo nguo: rangi gani, ukubwa gani, kipi kikae kushoto, kipi kikae juu. Jambo ambalo wengi hawalijui, au wanalijua na wanalipuuza, ni kwamba ukurasa huo huo mmoja unaweza kuwa na nguo mbili. Ya kwenye kioo na ya kwenye karatasi. Kama ulivyo na gauni la shambani na gauni la Jumapili, mwili ni ule ule. Unaandika tu @media print, unafungua mabano, na yote utakayoandika humo ndani yatafanya kazi pale tu mtu anapoprinti. Asiyeprinti hataona tofauti yoyote.

Humo ndani unaiambia menyu ijifiche: display: none. Basi, kurasa mbili zimekwenda. Unayaambia matangazo ya pembeni na kalenda vijifiche pia. Unaliambia jedwali lichukue upana wa karatasi, lisizidi. Unaandika @page na size: A4, na pambizo milimita 15. Unaamuru mstari wa jedwali usikatwe katikati ukurasa unapoisha, kwa break-inside: avoid. Maandishi yawe meusi kwenye weupe. Hii ni mistari kumi, ukizidisha ishirini. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu aliyekaa nyuma kabisa ya darasa anaiandika kwa kipindi kimoja cha dakika 40, na dakika zinabaki za kupiga kelele.

Na msidhani hii ni teknolojia mpya ambayo bado haijafika Afrika. Håkon Wium Lie, Mnorwei aliyekuwa akifanya kazi CERN kule Uswisi, ndiye aliyependekeza CSS mwezi Oktoba 1994. Toleo la kwanza lilipitishwa Desemba 1996. Toleo la pili, la Mei 1998, ndilo lililoleta habari ya nguo tofauti kwa vyombo tofauti, karatasi ikiwa mojawapo, pamoja na ile amri ya @page. Mei 1998! Mimi nilikuwa sijazaliwa. Mwaka 2002 Eric Meyer aliandika makala kwenye jarida la A List Apart akielekeza hatua kwa hatua jinsi ya kuandaa ukurasa kwa ajili ya printa. Na mwaka 2005 huyo Lie na mwenzake Mholanzi, Bert Bos, walitoa toleo la tatu la kitabu chao kuhusu CSS, na kitabu chenyewe walikipanga kwa HTML na CSS, wakakipitisha kwenye programu ya Prince kikatoka PDF ya kupeleka kiwandani. Kitabu kizima jamani. Chenye sura, namba za kurasa na faharasa. Ninyi mnashindwa tangazo la mahitaji kumi na mbili.

Najua majibu yenu. Nimeyasikia yote, mengine kutoka kwa rafiki zangu wa IT wa bweni la jirani ambao wakisoma hapa watakasirika, na wakasirike.

Jibu la kwanza: "Siku hizi mambo ni ya kidijitali, nani anaprinti?" Huyu anayesema hivi hajawahi kuomba mkopo wa elimu ya juu? Bodi ya Mikopo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, na maombi yamehamia mtandaoni miaka mingi sasa. Lakini kila aliyeomba anajua mwendo wake: unajaza mtandaoni, unaprinti, unatafuta mdhamini asaini, unakwenda serikali ya mtaa au ya kijiji, unakwenda kwa wakili au hakimu, halafu unaskani na kupandisha tena. Katikati ya mfumo wa kidijitali kuna karatasi, na kwenye karatasi kuna mhuri. Mtendaji wa kijiji hawezi kugonga mhuri kwenye kioo cha simu. Shule ya bweni inataka fomu ya daktari iliyosainiwa. Kikundi cha akina mama kikitaka mkopo wa halmashauri kinatakiwa kuwa na faili, na faili ni karatasi. Hata mwalimu: mimi nimefundisha darasa la wanafunzi zaidi ya 70, hakuna projekta, hakuna kompyuta za kutosha. Nikipata kitu kizuri mtandaoni njia ya kukifikisha kwao ni moja tu, nakiprinti, natoa kopi, nagawa moja kwa watoto watano. Kwetu karatasi ndiyo inayotembea kilomita za mwisho, kutoka kwenye mtandao mpaka kwenye mkono wa mtu. Mwenye tovuti asiyejua hilo hajui wasomaji wake ni nani.

Jibu la pili ni la wanamazingira: "Tusiprinti, tunaua miti." Sawa kabisa. Ukurasa uliopangwa vibaya umetoa karatasi 9, uliopangwa vizuri ungetoa 1. Nani kaua miti?

Jibu la tatu ndilo wanalolipenda zaidi: "Tumeweka PDF." Hili nitakaa nalo kidogo.

PDF ina mahali pake. Fomu ya kusaini, sawa, iwe PDF, ili kila mtu apate kurasa zile zile zenye namba zile zile. Lakini tangazo la kawaida kuligeuza PDF ni kukimbia kazi. Kwanza mara nyingi si PDF ya maana, ni barua iliyoskaniwa imekaa upande, nzito, inakula bando la mtu halafu haisomeki kwenye simu mpaka uikuze na kuisukuma kushoto kulia kama unatafuta mtandao. Asiyeona vizuri hawezi kukuza herufi zikajipanga. Mwenye kisoma-kioo ndiyo kabisa, kwake ile ni picha tupu. Pili, sasa mna nakala mbili za jambo moja. Tarehe ya mwisho ikisogezwa, mtu anabadilisha kwenye ukurasa na kusahau kwenye PDF, au kinyume chake. Kijijini atafika mwenye karatasi ya tarehe ya zamani. Ukurasa mmoja wenye nguo mbili hauna tatizo hilo, ukibadilisha maneno yamebadilika kote. Tatu, kama uliweza kutengeneza PDF nzuri, maana yake unajua karatasi inatakiwa iweje. Basi weka ujuzi huo kwenye CSS, mara moja, kila tangazo litakalofuata lifaidike.

Jibu la nne: "Ni kazi ya mwenye steshenari kurekebisha." Ee, na wanairekebisha! Hapa naomba kuwavulia kofia vijana wa steshenari wa nchi hii, maana bila wao hizi tovuti zingekuwa mapambo. Yule wa Kanazi ana mbinu zake. Jedwali likikatwa analaza karatasi. Likikatwa tena anapunguza ukubwa mpaka asilimia 60, herufi zinakuwa kama sisimizi lakini safu zote zipo. Ikishindikana anakopi kila kitu, anabandika kwenye Word, anafuta menyu kwa mkono, anapanga jedwali upya safu kwa safu. Kwa tangazo la yule mama alitumia kama dakika ishirini, foleni imesimama.

Lakini tazameni kilichotokea hapo, maana ndilo linaloniuma zaidi kuliko zile 2,700. Karatasi iliyotoka Word ni safi, inasomeka, ukurasa mmoja. Na haina asili. Haina anwani ya tovuti, haina tarehe iliyochukuliwa, haina jina la ofisi ila kama kijana kakumbuka kuliandika. Namba za malipo zimepita mikononi mwa mtu, na mtu anaweza kuruka tarakimu moja. Ukiipeleka kwa mtendaji akakuuliza "hii umeitoa wapi?", utasema nini? Mtu yeyote mwenye Word anaweza kuandika karatasi kama ile, na kubadilisha namba ya kulipia ikawa ya shemeji yake. Nchi hii utapeli wa "tuma kwenye namba hii" umewaliza watu wengi, halafu tunawazoesha wananchi kuamini karatasi isiyo na chimbuko, kwa sababu tu ile yenye chimbuko haiprintiki.

Brauza yenyewe huweka anwani na tarehe pembeni mwa karatasi, ni kweli. Vijana wanaizima ili kuokoa nafasi, na wana haki, kwa sababu anwani yenyewe mara nyingi ni mkia mrefu wa alama za kuuliza na asilimia ambao hauelezi kitu. Dawa ni mwenye tovuti kuweka mwenyewe, kwenye nguo ya karatasi, mstari mmoja juu: jina la ofisi, tarehe ya tangazo, anwani fupi ambayo mtu anaweza kuiandika kwenye simu akahakiki. Mstari huo unafichwa kwenye kioo na unatokea kwenye karatasi tu. Hata namba za kurasa zinawezekana. Chrome tangu mwishoni mwa 2024 inakubali maandishi unayoyapanga mwenyewe kwenye pambizo za karatasi kwa kutumia @page.

Na tukiwa hapo hapo, ile "Bonyeza hapa". Mahitaji namba 7 ya lile tangazo yalisema, nanukuu nilivyoona kwenye karatasi: Kwa fomu ya daktari bonyeza hapa. Yule mama kaenda nayo nyumbani hivyo. Abonyeze nini, mgomba? CSS ina amri ya mstari mmoja inayochapa anwani kamili mbele ya kila kiungo, kwenye karatasi tu. Imo tangu toleo lile lile la 1998. Na hata bila CSS, ungeandika tu "fomu ya daktari inapatikana ofisi ya mganga wa wilaya au kwenye anwani hii", ungekufa?

Kuna jambo la vipimo pia, dogo, ila linaonyesha uvivu. Sisi tunatumia A4, milimita 210 kwa 297, kipimo kilichotokana na kanuni ya Wajerumani ya mwaka 1922. Wamarekani wanatumia karatasi yao ya Letter, milimita 216 kwa 279. Jamaa ananunua kiolezo cha tovuti kilichotengenezwa na Mmarekani, anabadilisha nembo, anaweka picha ya Ziwa Victoria, anakabidhi. Kama kiolezo kilipangiwa Letter, chake ni kipana kwa milimita 6 na kifupi kwa 18. Halafu mnashangaa safu ya kulia inakatwa.

Msiniambie kwamba haya ni ndoto za Ulaya. Fungueni makala yoyote ya Wikipedia ya Kiswahili, tuseme ile ya Mkoa wa Kagera. Bonyezeni Ctrl na P. Menyu zote za pembeni zimeondoka, yamebaki makala. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, watu wanaiandika kwa kujitolea, na inajua karatasi ni nini. Serikali ya Uingereza kwenye tovuti yake ya GOV.UK, iliyoanza 2012, ina alama maalumu ambayo mtengenezaji akiibandika kwenye kitu, kitu hicho hakitoki kwenye printa. Wao wenye printa nyumbani wamefikiria. Sisi wa kulipia ukurasa mmoja mmoja hatujafikiria.

Na kuna kitu cha kuchekesha. Kurasa za matokeo za Baraza la Mitihani, zile ambazo vijana wa IT huzicheka kila mwaka kwamba zimepitwa na wakati, huwa ni jedwali moja refu tu: namba ya mtahiniwa, jinsia, pointi, daraja, masomo na alama zake. Hakuna menyu pembeni, hakuna picha zinazoteleza. Rangi ya nyuma brauza inaiacha yenyewe isipokuwa ukiilazimisha. Unaprinti, unapata matokeo, mwalimu mkuu anabandika ubaoni. Kila Januari zinaprintiwa nchi nzima. Ubaya wake wa sura ndio uzuri wake kwenye karatasi. Uzuri wa hizi mpya unaishia pale unapobonyeza Ctrl na P.

Sasa hapa ndipo ninapotaka kuwabana, kwa sababu dawa ni rahisi mno. Tulikuwa na Wakala ya Serikali Mtandao tangu 2012, na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ikaifanya Mamlaka. Mwaka 2017 mikoa na halmashauri zilipata tovuti zilizojengwa juu ya kiunzi kimoja, ndiyo maana ukifungua ya Bukoba na ukifungua ya Muleba unaona ni watoto wa baba mmoja. Mimi hilo silichukii, nalipenda. Maana yake mtu mmoja akikaa siku moja akaandika nguo ya karatasi vizuri, akaijaribu kwa matangazo halisi, kwenye printa halisi, nyeusi, yenye wino unaoisha, ikawekwa kwenye kiunzi chenyewe, halmashauri zinazokitumia zinavaa kwa pamoja. Hakuna semina ya siku tano Dodoma. Hakuna posho. Labda ndiyo sababu halifanyiki, lakini hayo tuyaache.

Hebu tufanye hesabu ya kidato cha kwanza. Tuseme tangazo moja limeprintiwa na watu 1,000 tu, na kila mmoja katoa kurasa 8 za bure. Hizo ni karatasi 8,000, rimu 16. Kwa shilingi 300, ni milioni mbili na laki nne. Tangazo moja! Pesa hiyo haikuingia serikalini, haikuingia kwa mtengenezaji wa tovuti, na kijana wa steshenari kala wino na karatasi, faida yake ni ndogo. Imepotea tu. Dhidi yake kuna mistari kumi ya CSS. Mkaguzi yeyote akilinganisha hivyo vitu viwili atauliza nani alisaini kupokea hii kazi.

Nalo ni swali langu hilo hilo. Anayesaini kupokea tovuti, kwa nini asiprinti kurasa tatu kabla ya kusaini? Tangazo moja, jedwali moja refu, ukurasa mmoja wenye viungo. Kwenye A4, nyeusi. Akiona "Haki zote zimehifadhiwa" iko peke yake kwenye karatasi, arudishe kazi. Hahitaji kujua CSS. Fundi akikujengea nyumba unafungua mlango uone kama unafunga, hauhitaji kuwa seremala.

Na vyuo navyo visijifiche nyuma ya serikali. Rafiki yangu mmoja wa chuo kingine, chuo sikitaji, aliprinti ukurasa wa usajili wa masomo ya muhula ili usainiwe idarani. Safu ya mwisho, ya uniti, ikawa imekatwa. Idara ikakataa kusaini kwa sababu uniti hazionekani. Akarudi, akalaza karatasi, sasa jina lake likaangukia ukurasa wa pili. Wakakataa tena kwa sababu ukurasa wa kwanza hauna jina. Mfumo ule una idara ya kompyuta ghorofa moja juu yake, inayofundisha kozi ya kutengeneza tovuti. Mwalimu wa kozi ile angewapa wanafunzi ukurasa huo kama zoezi la wiki, alama 10, kazi ingekwisha Ijumaa.

Mimi upande wangu, zile wiki nane za Kanazi nilifundisha vipindi viwili vya kitu hiki. Kompyuta zilikuwa nne, wanafunzi wakakaa makundi. Niliwapa ukurasa wa tangazo la kubuni la shule, wenye menyu na picha na jedwali la ada, nikawaambia watoe karatasi moja tu, isomeke, na mzazi asiyekuwa na simu aielewe. Kundi moja la wasichana likaweka hadi mstari wa "Imeprintiwa kutoka" na jina la shule. Kijana wa steshenari alituprintia kazi zao bure, akabandika ile ya wasichana ukutani kwake, juu ya bei.

Haya wadau, kazi kwenu. Chagueni ukurasa wowote ambao mlishawahi kulipia kuuprinti. Kwenye kompyuta ni Ctrl na P. Kwenye simu ya Android fungua kwa Chrome, nenda nukta tatu, Shiriki, halafu Printi. Usiprinti, angalia tu idadi ya kurasa na upande wa kulia wa jedwali. Niandikieni hapo chini mmepata kurasa ngapi na tangazo lenyewe lilikuwa na mistari mingapi. Atakayeanza na tovuti ya chuo chake ajiandae kisaikolojia.